Hesabu Isiyofunga

Tarehe 4 Machi

Baba, shikamoo.

Hujambo? Kifua kimekuachia, au bado unakohoa na kumwambia Shangazi kwamba ni vumbi tu? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi ndani ya soksi.

Umeniandikia kwamba wazee wenzako pale kwa fundi viatu wanakuuliza binti yako anasomea nini mwaka wa sita huu, na wewe unawajibu "mambo ya nyota" ili wanyamaze. Si nyota, baba. Ngoja nikueleze kama unavyopenda, bila kuruka hatua.

Chukua chumba, utoe kila kitu: viti, hewa, mwanga, hata joto. Kinachobaki tunakiita utupu. Lakini utupu nao una nishati yake. Nadharia zetu nzuri kabisa, zile zinazotabiri tabia za chembe hadi tarakimu ya kumi, zikipiga hesabu ya nishati hiyo zinatoa namba kubwa mno, kiasi kwamba ulimwengu ungesambaratika kabla nyota ya kwanza haijawaka. Ukienda kupima angani kweli, unakuta kidogo sana. Tofauti kati ya hesabu na kipimo ni moja ikifuatwa na sifuri mia na ishirini. Sijui kosa kubwa kuliko hilo katika sayansi, na tunaishi nalo kama familia inavyoishi na mlevi: kila mtu anajua, hakuna anayelitaja mezani.

Mimi na Profesa tunasema hivi. Huenda ulimwengu wote tunaouona ni utando mwembamba, kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemka, na utando huo umo ndani ya nafasi kubwa zaidi yenye upande mmoja wa ziada, ambao sisi hatuwezi kuuona wala kuuingia. Umwagie utando nishati yoyote, nyingi au kidogo, wenyewe unabaki umenyooka. Kinachopinda ni ule upande wa ziada. Kwa hiyo nishati ya utupu ipo, tena nyingi kama nadharia inavyodai, ila sisi hatuusikii uzito wake. Ni kazi nzuri, baba. Mlinganyo wenyewe ni mstari mmoja na nusu. Natetea tasnifu yangu mwezi wa Juni, na Profesa ameshaniahidi nafasi ya kazi hapa hapa.

Nakutumia kurasa kumi na mbili. Najua utazisoma hata usipozielewa.

Binti yako


Tarehe 27 Machi

Mwanangu Bi Kwanini,

Marahaba. Kifua kimetulia. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama unakula, nami nimemjibu kwamba mtu anayeandika barua ndefu vile lazima anakula.

Kurasa zako nimezisoma mara tatu. Alama nyingi sizijui. Lakini naona ulipoanzia na ulipoishia, na nina swali la mtu aliyeburuta mnyororo wa kupimia ardhi miaka thelathini na moja.

Ukipima kiwanja unaanza kwenye bikoni moja, lile jiwe la mpaka, unazunguka pembe zote, unarudi kwenye bikoni ile ile. Vipimo vikijumlishwa lazima vikurudishe ulipoanzia. Visipokurudisha, ile tofauti tunaiita kosa la kufunga. Sentimita mbili tatu unasamehe. Zaidi ya hapo unarudi shambani ukaanze upya. Mpima mvivu harudi. Analichukua kosa analigawa kidogo kidogo kwenye pembe zote, au analisukumia kwenye kona yenye kichaka, ambako hakuna atakayekwenda na futi kamba. Ramani inapendeza, hata mkaguzi anaisifu.

Sasa wewe unasema nishati ipo, ila utando haupindi, kinachopinda ni upande wa ziada. Sawa. Upande huo unakwenda hadi wapi? Kwenye ukurasa wa tisa umeandika "tunaishia hapa" ukachora mstari. Kwa nini hapo? Nani ameweka bikoni?

Huenda nauliza upuuzi. Mstaafu ana muda mwingi.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Baba, shikamoo.

Habari za hapo nyumbani? Nisamehe kwa ukimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa kwenye ukurasa wa tisa.

Pale nilipochora mstari, namba zote zinapaa na hazishuki tena. Kupinda kunakuwa bila mwisho. Watu wa fani yetu wanajua, na wote wanaandika kama nilivyoandika mimi, tunaishia hapa, kisha wanaendelea na mengine. Nikajaribu kufanya ulivyosema, yaani kufunga. Njia pekee niliyoipata ni kuweka utando wa pili pale mwishoni. Na huo utando wa pili unafanya kazi ikiwa tu mvutano wake umelingana na wa kwanza hadi tarakimu ya mia na ishirini. Kosea ya mwisho tu, na utando wetu unajikunja.

Unaona ilipofika? Kosa hatukuliondoa. Tumelisukumia kichakani.

Nilimpelekea Profesa. Alikuwa ofisini kwake anamenya chungwa. Akasoma hadi mwisho, akafuta vidole, akasema, "Hili nalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hujafika hapa. Liandikie sentensi moja mwishoni, useme ni kazi ya baadaye. Kila mtu ana kazi ya baadaye."

Nikamwambia kazi nzima imesimama juu ya hilo. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole kabisa kama nataka kuwa na hoja au nataka kuwa na kazi. Kisha akanikatia kipande cha chungwa, na mimi nikakipokea nikakila.

Nitaandika sentensi moja. Si uongo, maana itakuwepo pale kwa yeyote mwenye macho. Niambie unavyoona, baba. Au usiniambie.

Binti yako


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima wote, na leo salamu nazifupisha kwa sababu nataka barua hii ikuwahi.

Umesema nikuambie au nisikuambie. Nakuambia. Hiyo sentensi moja mwishoni ndiyo kichaka chenyewe.

Miaka thelathini na moja sikutia saini ramani isiyofunga. Walikuja na maneno matamu, walikuja na vitisho. Nilichukua mnyororo wangu nikarudi shambani. Ndiyo maana leo nikipita mitaa hii ninaweza kumtazama kila mtu machoni. Marehemu mama yako alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba hii haina viti vya kutosha lakini jina lake ni safi. Hicho ndicho nilichokuwekea wewe. Kingine sina.

Simama mbele yao, useme hesabu haifungi. Watakuheshimu. Na wasipokuheshimu wao, nitakuheshimu mimi.

Baba yako


Tarehe 30 Juni

Baba, shikamoo.

Nimesema.

Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu, na Profesa pembeni karibu na dirisha. Nilieleza nusu saa kama nilivyojizoeza. Nilipofika ukurasa wa tisa nikaweka kalamu chini, nikasema: kuanzia hapa kazi hii haisimami, na nitawaonyesha kwa nini. Nikaenda ubaoni. Nilipogeuka, Profesa alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

Mmoja wa wale watano, bibi mwenye sauti nzito, aliniuliza kwa nini basi nimeleta tasnifu ambayo naiharibu mwenyewe. Nilisema nimechelewa kujua. Wakanitoa nje. Waliponiita tena, tasnifu ilikuwa imerudishwa niandike upya, na Profesa alikuwa ameshasaini karatasi ya kujitoa kunisimamia. Bila msimamizi hakuna kuandika upya. Jumatano kadi yangu ikakataa kufungua mlango wa idara. Mwenzangu wa ofisini akanitolea vitu vyangu kwenye boksi: vitabu, kikombe, sweta. Alinikabidhi huku anaangalia viatu vyake.

Nimepata kazi kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Bibi mmoja tunayefanya naye zamu ananicheka kwamba nakunja shuka kama ninayefunga zawadi. Kibali changu cha kuishi hapa kinafika Desemba, baada ya hapo sijui.

Lakini silii, baba. Niandikie tu kwamba nimefanya vema. Nataka kulisoma hilo kwa mwandiko wako.

Binti yako


Tarehe 18 Julai

Mwanangu, marahaba.

Umefanya vema. Narudia, umefanya vema.

Barua yako niliwasomea wazee kwa fundi viatu, na fundi mwenyewe alisimamisha nyundo kusikiliza. Nikawaambia, hiyo ni damu yangu, kwetu hatutii saini kisichofunga. Yule mzee aliyekuwa karani wetu wa ardhi aliinuka akaondoka bila kuaga. Uzee unamharibia adabu.

Jikaze. Hakuna kinachokushinda wewe.

Baba yako


Tarehe 9 Novemba

Baba,

Shangazi alinipigia simu Jumapili kunijulisha kwamba yule mzee karani amefariki. Poleni kwa msiba. Katika kuongea akasema hata siku za mwisho mgonjwa alikuwa akirudia jambo moja tu, viwanja vya nyuma ya shule, kile cha mjane mwenye kisima. "Baba yako naye alitia saini ramani ile ya uongo," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "lakini wakati ule angefanyaje." Kisha akaniuliza kama nimeshanunua koti.

Nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa kiwandani, mashine zinanguruma pande zote. Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

Swali langu ni moja na silipambi. Ulitia saini?

Binti yako


Tarehe 1 Desemba

Mwanangu,

Nilitia saini.

Nimeianza barua hii mara nne na salamu, na kila mara nikaona salamu nazitumia kujifichia.

Wewe ulikuwa tumboni, mimba ya miezi saba. Mkuu wa idara yetu alikuwa na shemeji yake anayejenga ghala, na malori yalihitaji njia. Jirani yake alikuwa mjane mwenye kiwanja kirefu, kisima kikiwa mwisho wa kiwanja. Nilipima siku mbili, na vipimo vyangu vilifunga vizuri. Lakini ramani iliyotakiwa ilikuwa nyingine. Mpaka usogee mita kumi na moja, kisima kiangukie upande wa ghala.

Mkuu hakunitisha. Aliniita ofisini, akaniwekea mezani barua ya uhamisho ambayo nafasi ya jina ilikuwa wazi. Kituo chenyewe kilikuwa mbali, hakuna hospitali. Akasema, "Nenda ukafikirie." Sikwenda popote. Nilimfikiria mama yako na tumbo lake nikiwa bado nimekaa kwenye kile kiti. Kwenye nafasi ya kosa la kufunga nikaandika sentimita mbili. Karani akagonga mhuri. Hatukuangaliana.

Ilikuwa ramani moja tu. Nyingine zote zilifunga, hilo naweza kuapa. Na kwa sababu ilikuwa moja, nilijiambia ni moja tu, na miaka ilivyokwenda hata hiyo moja ikaniponyoka. Nilipokuandikia mwezi wa Mei kwamba sijawahi, sikuwa nakudanganya kwa kukusudia. Nilikuwa nimeshauamini uongo wangu mwenyewe. Jambo hilo linanitisha kuliko saini yenyewe.

Baba yako


Tarehe 17 Desemba

Baba,

Ulitia saini, na mimi nikazaliwa hospitalini, nikasoma, nikavaa viatu. Kwa hilo sikulaumu. Ningekuwa kwenye kile kiti, sijui kama nisingetia.

Ninachokulaumu ni barua ya Mei. Wewe ulishiba miaka thelathini ndipo ukawa mkweli, halafu ukanitaka mimi niwe mkweli kabla sijanawa mikono nile. Ulihitaji mtu wa kurudi shambani kwa niaba yako, ukanituma mimi. Kisha ukawasomea wazee barua yangu, halafu yule karani, ambaye ndiye pekee pale aliyeyajua yote, ukasema hana adabu.

Kuna lingine. Wiki iliyopita watafiti wawili wa chuo kingine wamechapisha kurasa nane. Utando wa pili, mvutano ule ule, tarakimu zile zile mia na ishirini. Hawanijui, wamefika wenyewe. Profesa ameshawaandikia kuwapongeza, na ametangaza utafiti mpya unaoanzia walipoishia wao. Atakayeufanya ni yule aliyepewa meza yangu. Kwa hiyo ukweli ulikuwa njiani, baba, unakuja kwa miguu yake, umebakiza miezi sita. Haukunihitaji. Ningeandika sentensi yangu moja nikanyamaza, leo ningekuwa ndani, kwenye joto, na jina langu lingekuwa kwenye huo utafiti mpya.

Badala yake nina mashuka. Mengine yanakuja yana damu, na tunatakiwa kuyatenga kwa mkono.

Kibali wameniongezea miezi minne kwa ajili ya kiwanda. Msalimie Shangazi. Wewe usinijibu.

Binti yako


Tarehe 22 Februari

Mwanangu,

Ulisema nisijibu. Nimengoja miezi miwili, na sasa nakuasi kwa makusudi.

Nilikwenda ofisi ya ardhi. Mama wa masjala alinitolea ramani, na saini yangu bado nyeusi kama ya jana. Nikamwambia ina kosa, na kosa nililiweka mimi. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mzee, eneo hili limeshagawanywa mara tatu. Kuna ghorofa pale. Sasa unataka nibomoe?" Nikamwambia nataka aandike tu. Akanipa karatasi, nikaeleza yote, akagonga mhuri wa "imepokelewa" akaitia kwenye faili. Tulimaliza kabla chai yake haijapoa.

Mjane mwenyewe alikwisha kufa. Nikamtafuta binti yake. Anashona sare za shule kwenye kibanda jirani na kituo cha polisi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alisimamisha cherehani.

"Mita ngapi?"

"Kumi na moja."

Sindano aliiacha ndani ya kitambaa. Halafu akasema, "Mama alienda kwenye baraza la ardhi mara saba. Alikuwa anawaambia mpaka wake uko ng'ambo ya kisima. Kila mara walitandaza ramani mezani wakamwonyesha. Mwishowe sisi wanawe tukamwambia anyamaze, anatuaibisha. Kaka yangu alimwita kichaa mbele ya majirani. Amekufa anajua kwamba hatumwamini."

Akanitaka nirudi Jumamosi ndugu zake wakiwepo. Nilirudi. Walikuwa wanne, wamekaa kwenye benchi la wateja. Niliwaeleza. Yule kaka, mtu mzima mwenye mvi sasa, alitoka nje akasimama ameegemeza paji la uso ukutani, na hakuna aliyemfuata. Dada yake akaniambia niseme tena, nikasema. Akaniambia, "Sema mama yetu hakuwa kichaa." Nikasema hakuwa kichaa, alikuwa na haki, mimi ndiye niliyeandika uongo. Akasema, "Basi nenda. Na tukikutana njiani usinisalimie."

Kwa fundi viatu nako nimewaambia. Wananisogezea kiti kama zamani, ila siku hizi mazungumzo yanaisha nikifika.

Mwanangu, saini yangu ilimfanya mtu aonekane mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya watoto aliowazaa. Na barua yangu ilikuondoa wewe mezani pako. Yote mawili nimeyasema kwa mdomo na nimeyaandika. Sijui kama inatosha. Mwenye hesabu ni wewe. Niambie.

Baba yako


Tarehe 30 Aprili

Baba,

Nimejaribu kuanza na shikamoo, mkono ukakataa. Nakuambia ili usidhani nimesahau.

Barua yako ilikaa kwenye droo wiki sita. Nimeifungua jana.

Haitoshi. Na unajua haitoshi, ndiyo maana umeuliza.

Niliandika kwamba ukweli ungekuja wenyewe, kwa miguu yake. Nilikuwa nasema habari za ulimwengu, na ulimwengu unaweza kungoja, hauna watoto wa kuuita kichaa. Yule mama hakuweza kungoja. Hilo nimelipata kwenye barua yako na sitalikana, ingawa sipendi kuwa wewe ndiye uliyenipa.

Kibali hakikuongezwa tena. Wiki ijayo naondoka hapa, lakini siji nyumbani. Nimepata shule moja ya kufundisha hesabu, mbali na hapa na mbali na hapo. Shangazi anayo anwani, nimemwomba asikupe.

Usiandike. Siku nikiweza, nitaanza mimi.

Mwanao